Milango ya Rufiji na Watu Wake

Mto Rufiji ndio mkubwa kuliko mito yote ya Tanzania. Maji yake hukusanywa katika nchi yenye eneo la kilometa za mraba 177,000 hivi, tangu nyanda za Usangu na milima ya Udzungwa hadi mabonde ya Kilombero na Luwegu. Nayo yote, baada ya kubanwa katika korongo la Stiegler, huingia uwandani, hupita Utete polepole, na kufika baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Lakini mto huu hauingii baharini kwa mlango mmoja. Ukaribiapo pwani hugawanyika ukawa mikono mingi, na kila mkono una jina lake: Simba Uranga, Kikunya, Suninga, Kiomboni, Msala, na mingine midogo isiyoandikwa katika ramani lakini yajulikana sana kwa wavuvi. Katikati ya mikono hiyo kuna visiwa vya matope, na juu ya matope umeota msitu wa mikoko ambao, ulipopimwa karibu na mwaka 1990, ulikuwa na hekta zipatazo 53,000, yaani karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania bara. Kutoka Somalia hadi mto Ruvuma hapana msitu mwingine wa mikoko ulioshikamana mahali pamoja kama huo.

Nchi hii ina watu. Jambo hilo lingeonekana halihitaji kusemwa, lakini mabishano ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba lahitaji kusemwa na hata kuthibitishwa. Mwaka 2012 wataalamu wawili wa jiografia, Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett, walitoa makala wakidai kwamba wakulima wa mpunga wa delta huelezwa katika mipango ya hifadhi kama wahamiaji wa juzi waharibuo mikoko, hali jamii zao zimekaa humo tangu zamani za kale. Mwaka uliofuata wataalamu wengine, wa kwanza wao Neil Burgess, na pamoja naye walimu wa vyuo vikuu vya Tanzania, waliwajibu na kukanusha mengi, wakishikilia kwamba ukataji wa mikoko kwa ajili ya mpunga ni tatizo la kweli wala si hadithi. Mtu aweza kudhani kwamba haya ni maneno ya wanachuoni, wayaseme na kuyamaliza wenyewe. Sivyo. Ikiwa mkulima ni mgeni, basi kumwondoa ni kuurudishia msitu haki yake. Ikiwa ni mwenyeji, kumwondoa ni kumpokonya. Kwa hiyo inafaa kuitazama historia yenyewe, na kabla ya historia kuitazama kazi ya maji, maana katika delta hakuna tendo la mwanadamu lisilofuata maji.

Mara mbili kila siku bahari huingia mitoni, na mara mbili hutoka. Wakati wa maji mafu mwendo huo ni mdogo. Lakini siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji ya chumvi husukumwa mbali sana ndani. Huko hukutana na maji ya pepo yateremkayo kutoka bara. Maji ya pepo ni mepesi, basi huelea juu, na ya chumvi hupita chini yake, hata mvuvi aweza kuchota juu ya maji yanyweka na wavu wake chini ukawa katika bahari. Tena pale yanapochanganyika ndipo udongo mwembamba uliochukuliwa na mto hushikana kwa nguvu ya chumvi, ukawa mzito, ukazama. Hivyo ndivyo matope ya delta yanavyotengenezwa. Mto peke yake ungeyapeleka mbali baharini, na bahari peke yake haina udongo wa kutoa.

Miti nayo imejipanga kwa kadiri ya chumvi. Mlilana husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi, na mizizi yake isimamayo juu ya matope wavuvi huikata wakafanyia vyelezo vya nyavu. Nyuma yake, kando ya vijito, ni mkoko wenyewe, mwenye mizizi kama miguu ya kaa. Kisha msinzi na mkandaa. Na mchu, usiochagua sana, huonekana karibu kila mahali. Mkomafi na msikundazi hupenda juu zaidi, maji ya pepo yanapozidi nguvu. Kwa habari ya mashamba mti wa kuangaliwa ni huu wa mwisho. Paotapo msikundazi pana udongo ambao chumvi yake si kali, na udongo ambao chumvi yake si kali waweza kuzaa mpunga. Basi ugomvi wote wa delta baina ya mti na mpunga ni ugomvi wa mahali pamoja tu, si wa msitu mzima. Jambo ambalo wasemao habari za delta kwa jumla husahau mara nyingi.

Chini ya miti hiyo kuna kaa, chaza washikao mizizi, mkizi, hongwe, na zaidi ya wote kamba. Kamba mkubwa hutaga baharini. Lakini wachanga wake, wakiwa wadogo kuliko punje ya mchele, huchukuliwa na maji kujaa wakaingia vijitoni, wakala na kukua katika maji ya mchanganyiko penye kivuli cha mizizi, kisha hurudi baharini wakikaribia utu uzima. Ndiyo sababu sehemu kubwa sana ya kamba wa Tanzania hupatikana baina ya milango ya Rufiji na Mafia. Katika mlango huo huo wa bahari wamebaki nguva wachache, mnyama ambaye mahali pengi pa pwani ni jina tu.

Ama watu wenyewe, walio wengi huitwa Warufiji, na ndani ya jina hilo mna Wandengereko wa vilima vya kaskazini na Wanyagatwa wa visiwani, pamoja na watu waliotoka Umatumbi, Ungindo na kwingineko. Kiswahili kimeenea kotekote. Jina la mto lastahili kutazamwa kidogo. Mwanzo wake, yaani ru-, wafanana na ule wa Ruvu, Ruvuma na Ruaha. Nao ni kiambishi cha kale cha lugha za Kibantu, ambacho katika Kiswahili kimepoteza konsonanti yake kikabaki u- tu, kama katika ulimi na ufito. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika mara Lufiji, mara Rufiji, kwa jinsi walivyosikia. Kwa hiyo jina limehifadhi umbo ambalo Kiswahili kimekwisha kuliacha. Na yaelekea basi kwamba halikutungwa na mabaharia wa bandarini, bali lilipokewa nao kutoka kwa watu waliokaa mtoni. Ushahidi huu ni mdogo, lakini ni wa upande mmoja na ule wa kilimo: mlau, yaani kilimo kifanywacho mafuriko yanapopungua juu ya udongo ulioachwa na maji, na dungu, yaani kibanda cha juu ya nguzo akaacho mkulima miezi ya mpunga kuwafukuza ndege na nguruwe, ni maneno ya Rufiji yenyewe, na kila moja lina mambo mengi nyuma yake. Hakuna ahitajiye jina kwa jambo alilokutana nalo jana.

Wapo wapendao kuirudisha historia ya delta nyuma zaidi, mpaka Rhapta. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus chataja mji wa biashara wa jina hilo, wa mwisho katika pwani ya Azania, na kusema kwamba jina lake latokana na vyombo vilivyoshonwa. Na Ptolemaio, mwandishi wa karne iliyofuata, auweka karibu na mto. Wengine wameutafuta Pangani. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameutafuta Rufiji, na mwaka 1999 alitangaza shanga za Kirumi zilizofukuliwa katika nchi ya karibu na delta. Shanga hizo zathibitisha kwamba watu wa hapo walikuwa na bidhaa za mbali katika zama hizo. Kwamba mji ulikuwa hapo hazithibitishi. Na ajuaye tabia ya mto huu hatashangaa mji ukipotea, maana kisiwa kilichokalika leo huwa mkondo wa maji baada ya vizazi vichache. Vyombo vya kushonwa, mitepe, viliendelea kuundwa katika pwani ya kaskazini mpaka karne ya 20, basi hata hilo si la Rufiji peke yake. Habari ya Rhapta na iachwe ilipo. Hoja ya wenyeji wa delta haiihitaji.

Hoja ile yapata nguvu zaidi katika karne ya 19. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja yalipoongezeka, watu wengi waliokuwa wakiyafanyia kazi walihitaji kulishwa, na mpunga wa Rufiji ukapelekwa Unguja kwa majahazi yaliyoingia katika milango ya delta. Mwaka 1880 Sayyid Barghash alimtuma William Beardall kuupima mto, akitaka kujua kama waweza kuwa njia ya kwenda bara. Na taarifa ya safari hiyo ilichapishwa London mwaka 1881. Sultani hamtumi mtu kupima mto usio na watu wala mali. Lakini la kuangaliwa zaidi ni kwamba wakati huo mtu wa delta hakuwa mkulima tu, wala mvuvi tu, wala mkata boriti tu. Mvua zilipoanza alilima, maji yalipozidi alivua, na kaskazi ilipoleta vyombo vya Waarabu alikata miti. Mpunga ulipokosa, kamba walikuwapo. Chumvi ilipoingia shambani, alilihama.

Tabia hii ya kuhama ndiyo iliyomponza. Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Katika nchi ya minazi ni rahisi kuonyesha mwenyewe: mnazi husimama miaka mingi na aliyeupanda hujulikana. Katika delta je? Shamba la mpunga hulimwa miaka kadhaa, mpaka magugu na kaa wanapolishinda, kisha huachwa. Na likiachwa, mchu na mikoko mingine hurudi. Ofisa afikaye wakati huo aona msitu, wala haoni kwamba chini ya msitu huo mna jaruba. Basi mwaka 1898 mikoko ya Rufiji iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali, nayo ni miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa ya Afrika ya Mashariki kuhifadhiwa kwa sheria. Sababu haikuwa huruma kwa miti. Boriti zilikuwa na bei katika Uarabuni, na magome ya mkoko na mkandaa, yatoayo rangi nyekundu na dawa ya kulainisha ngozi, yalitakiwa na viwanda vya Ulaya. Tangu siku hiyo mtu wa delta akawa mgeni wa serikali katika nchi yake, na kila serikali iliyofuata ilirithi mpaka ule uliochorwa bila ya kuuliza ulichorwaje.

Vita vya Maji Maji viligusa delta kwa ubavuni. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye uganga wake ulikuwa wa maji, alinyongwa Mohoro, karibu na milango ya kusini, tarehe 4 Agosti 1905. Habari zake zimeandikwa kwingine kwa urefu.

Habari iliyoandikwa kupita zote ni ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Meli hii iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta pwani nzima mpaka mwisho wa Oktoba, ilipoonekana ndani ya delta karibu na Salale. Hawakudhani kwamba meli kubwa kama hiyo yaweza kuingia humo. Ramani zao zilionyesha maji mafupi, lakini Wajerumani walikuwa wameipima mikono ya mto vizuri zaidi. Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mkono wa Suninga ili kuziba njia; haikufaa sana, kwa kuwa delta ina njia nyingi. Ilibidi kuleta meli mbili za chini, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, pamoja na ndege za kuangalia risasi ziangukapo. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, na tena tarehe 11. Na siku hiyo ya pili nahodha Max Looff aliizamisha meli yake mwenyewe. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikavutwa na watu hadi Dar es Salaam, ikatumika katika vita vya nchi kavu.

Vitabu vya vita hivyo vyataja majina ya maofisa, ya meli, na hata ya marubani wa ndege. Watu waliojua vijito, waliopitisha makaa na vyakula kwa mashua usiku, na waliovuta mizinga katika matope, hawatajwi ila kwa jumla. Wala hakuna kitabu kielezacho mwaka ule wa kuzungukwa ulikuwaje kwa mvuvi asiyeweza kutoka baharini. Hata hivyo vitabu vyenyewe, pasipo kukusudia, ni ushahidi: meli isingekaa miezi minane katika msitu usio na watu.

Baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza, na biashara ya boriti ikaendelea. Mwenye kutaka kuijua na asome Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, katika msimu wa 1938 na 1939, akachapisha kitabu chake mwaka 1940. Jahazi lilitelemka na kaskazi, likauza bidhaa njiani, na likaja Rufiji kutafuta shehena ya kurudia. Villiers hakuipenda delta hata kidogo. Mbu, joto na matope vilimchosha, na mabaharia waliteseka kwa kazi ya kutoa miti vijitoni na kuipakia. Kusi ilipoanza wakarudi kwao na chombo kilichojaa boriti.

Huko Kuwait, Bahrain na Basra hakuna misitu. Boriti ya mkoko huitwa chandal, na ndiyo iliyoshika dari za nyumba kwa vizazi vingi, ikitandikwa mianzi na mikeka juu yake na udongo juu ya mikeka. Mti huu haushambuliwi upesi na mchwa, lakini ulio mnene wa kutosha na ulionyooka hauwi mrefu sana. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani za Ghuba, kama vile vya Lamu na Unguja, ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kadiri ya mita tatu au chini yake. Mjenzi aweza kuongeza urefu wa chumba apendavyo, upana hawezi, maana upana uliamuliwa na mkoko. Biashara yote ilikuwa na lugha yake. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkata miti wa delta alilitazama shina moja akajua ni lipi kati ya hayo, na litatosha baada ya miaka mingapi kuwa lile linalofuata. Si haki kumwita mtu kama huyo adui wa msitu; msitu uliisha, yeye alikuwa wa kwanza kukosa.

Saruji na chuma viliimaliza biashara hii polepole, mafuta ya petroli yalipozitajirisha nchi za Ghuba. Mwaka 1987 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini kote, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa usimamizi wa mikoko uliotayarishwa chini ya uongozi wa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao, tofauti na amri za nyuma, ulikiri kwamba wanavijiji wana sehemu katika msitu. Kazi ya kuutekeleza ilianza mwaka 1994.

Lakini mto haukungoja mipango. Zamani maji mengi ya Rufiji yalitoka kwa milango ya kusini, na huko ndiko mpunga ulikolimwa zaidi. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1970 nguvu ya maji ilihamia kaskazini. Kusini chumvi ikaongezeka, majaruba yakafa. Kaskazini maji ya pepo yakafika penye mikoko ambayo zamani haikuyapata kwa wingi. Wakulima wakayafuata. Wakifika, hukata mikoko, huchoma, huotesha miche mahali pa juu na kuihamisha ikiwa imekwisha kuwa migumu, kwa sababu mche mchanga hukatwa na kaa usiku mmoja. Maji ya kuunyeshea huletwa na bahari yenyewe: inapojaa, huyazuia maji ya mto yasitoke, yakapanda juu ya mashamba. Bahari humnyeshea mkulima maji matamu, na hiyo ni hekima ya delta ambayo mhandisi angeionea wivu.

Hapa basi ndipo ugomvi wa mwaka 2012 unapoweza kupimwa. Wasemao kwamba mashamba ya kaskazini ni mapya wasema kweli. Wasemao kwamba wakulima ni wa kale wasema kweli vilevile. Kosa ni kudhani kwamba kauli moja yaivunja nyingine. Katika nchi kavu ukale wa mtu hupimwa kwa ukale wa shamba lake. Katika delta hakuna shamba la kale, kwa kuwa hakuna ardhi ya kale. Wenyeji ni wa zamani na mashamba ni ya juzi, na imekuwa hivyo siku zote. Hata hivyo haifai kumpamba mkulima kupita kiasi. Mikoko iliyofyekwa hairudi upesi kila mahali, hasa palipotiwa sumu ya kuua kaa, na sumu hiyo haichagui baina ya kaa na kamba mchanga. Watu nao ni wengi kuliko walivyokuwa, na mahali pa kuhamia ni pachache. Mpaka wa 1898 hausaidii lolote katika hayo. Huwafanya wote kuwa wavunja sheria, mkata kwa kiasi na mkata pasipo kiasi, na mtu akiisha kuwa mvunja sheria kwa kuzaliwa kwake tu, hana sababu kubwa ya kujizuia.

Mwaka 1997 mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu. Serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa mabwawa ya kufugia kamba ndani ya delta, ingawa wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira walishauri vingine. Wenye vijiji waligawanyika, kwa sababu kazi na fedha ziliahidiwa. Lakini wengi walikataa, wakaenda mahakamani. Mradi ulipingwa ndani na nje ya nchi, na mwisho haukutekelezwa. Hivyo watu walioitwa waharibifu kwa muda wa miaka mia moja ndio waliosimama kuutetea msitu, na waliokuwa na sheria mkononi ndio waliotaka kuutoa. Tarehe 29 Oktoba 2004 nchi ya Rufiji, Mafia na Kilwa, hekta 596,908 pamoja na bahari yake, iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa mataifa yote.

Jambo kubwa la siku hizi haliko delta, liko juu. Bwawa la Kidatu katika mto Ruaha Mkuu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na Mtera likafuata. Lakini hayo yalizuia mkono mmoja tu wa mto. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujengwa mwaka 2019 katika korongo la Stiegler, limeuzuia mto wote. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukatoa umeme mwaka 2024, na mitambo yote tisa, yenye megawati 2,115, ikakamilika mwaka 2025. Taifa lilikuwa na haja ya umeme huo, wala si rahisi kwa mtu akaaye penye taa kuwalaumu walioutafuta. Lakini udongo usimamapo nyuma ya ukuta haufiki Salale. Mikoko husimama juu ya matope ambayo bahari huyala kila siku na mto huyarudisha kila mwaka. Mto usiporudisha, bahari haiachi kula. Tena mlau hutegemea maji yapande na kushuka kwa wakati wake, na wakati huo sasa huamuliwa na mtu ashikaye milango ya bwawa. Mnamo Aprili 2024, mvua zilipokuwa kubwa, mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na watu wakabishana kama maji yale yalikuwa ya mvua au ya bwawa.

Zamani wazee wa delta hawakuwa na mabishano hayo. Maji yakipanda, walipanda maduguni. Yakishuka, walishuka wakapanda mahindi na kunde katika tope jipya. Sasa mkulima wa Mbuchi au Maparoni apaswa kujua si tu kwamba mvua imenyesha Kilombero, bali pia kwamba maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani. Na habari hiyo, tofauti na ile ya bamvua, hawezi kuisoma mwezini.